Kuisikiliza Gachoka

Ukitoka Embu mjini kuteremka kuelekea Kiritiri, Mlima Kenya unabaki mgongoni na joto linakuja kukulaki. Kahawa na migomba vinapungua, migunga inajitokeza, udongo mwekundu unaanza kuchanganyika na mchanga, na mbuzi wanakuwa wengi kuliko ng'ombe. Pikapu za muguka, jani la kutafuna, zinapita kwa kasi zikiwa zimefunikwa turubai, maana jani hilo halingoji mtu: likinyauka halina bei. Gachoka iko huku, Mbeere Kusini. Kabla ya uchaguzi wa 2013 jimbo zima la ubunge lilijulikana kwa jina hilo. Wasafiri wengi wanaipita tu, macho yakiwa kwenye simu.

Mimi nilishuka. Mfukoni nilikuwa na kinasa sauti kidogo, hedifoni, na koili ya waya isiyozidi ukubwa wa kifuniko cha soda. Nilikuwa nimekuja kusikiliza, na aliyenituma, bila mwenyewe kujua, ni kijana wa Nairobi aitwaye Joseph Kamaru.

Mashabiki wa sanaa ya sauti wanamjua kwa herufi nne tu: KMRU. Alizaliwa Nairobi mwaka 1997, akasomea muziki katika Chuo Kikuu cha Kenyatta, kisha akaenda Berlin kuendelea na masomo ya sanaa za sauti, na huko ndiko alikoweka makazi. Jina ni la babu yake. Joseph Kamaru yule mkubwa, mzaliwa wa Kangema mwaka 1939, aliimba kwa Kikuyu kwa miongo mingi. Aliwafunza vijana adabu, akawasuta wakubwa, na alipofariki Oktoba 2018 alikuwa ameacha nyimbo ambazo wazee wa Murang'a na Nairobi bado wanazijua kwa moyo. Mjukuu amechukua njia nyingine. Kazi zake karibu zote hazina maneno. Anarekodi mvua, barabara, ndege, vyumba vitupu, mashine, kisha anazitandaza sauti hizo polepole hadi msikilizaji anaanza kusikia yaliyokuwa yamejificha ndani yake. Albamu ya Peel, iliyotolewa na Editions Mego mwaka 2020, ndiyo iliyomtambulisha kwa ulimwengu. Mwaka 2023 alianzisha lebo yake, OFNOT, kwa kazi iitwayo Dissolution Grip: humo alichukua maumbo ya mawimbi ya sauti alizokuwa amezirekodi nje, akayatumia kama ramani ya kuunda sauti mpya kabisa kwa sinthesaiza. Kazi za namna hii husikilizwa kwenye majumba ya makumbusho na kumbi za maonyesho, spika zikiwa zimepangwa kukuzunguka, nawe unatembea ndani ya sauti badala ya kukaa mbele yake.

Lakini iliyonileta Gachoka ni Natur, ya mwaka 2024. Ni kipande kimoja kinachoendelea karibu saa nzima, kilichotolewa na lebo ya Touch ya Uingereza. Chanzo chake ni kuhama. Mtu aliyekulia Nairobi amezoea usiku wenye kelele: mbwa, vyura, nyenje, matatu ya mwisho, na juu ya yote hayo mvumo wa nyaya na transfoma kwenye nguzo. Stima Nairobi inasikika. Berlin imefichwa, nyaya zimezikwa ardhini, usiku umenyamaza. KMRU akachukua maikrofoni za sumakuumeme, zile zinazonasa kile sikio tupu haliwezi kukinasa, akaanza kuurekodi ulimwengu huo uliofichika. Ndani ya Natur unasikia miungurumo, mikwaruzo, milio myembamba ya juu kabisa, kisha sauti za mazingira zinapenya katikati, hadi inakuwa vigumu kusema mdudu ameishia wapi na mashine imeanzia wapi.

Hatua hiyo ya kutegea sikio umeme ina historia yake. Christina Kubisch, msanii wa Ujerumani aliyezaliwa 1948, amekuwa akiwapa watu hedifoni maalumu na kuwaachia mitaa ya miji tangu mwanzoni mwa miaka ya 2000. Wanatembea wakisikia mashine za benki, milango ya maduka, treni na mabango ya matangazo vikiimba. Miji aliyowatembeza watu hivyo ni mingi, katika mabara kadhaa. Tofauti ya KMRU ni pale anaposimama. Kwake umeme hauko upande wa pili wa maumbile kama adui. Amekulia ndani ya vyote viwili kwa pamoja, na anavisikiliza kwa heshima ileile.

Sasa, kwa nini Gachoka? Kwa sababu stima ile inayovuma Nairobi, kwa sehemu kubwa ya historia ya Kenya huru, imetoka huku.

Chini ya Kiritiri, Mto Tana unapita kwenye mpaka wa ardhi ya Wambeere na ya Wakamba, na humo yamejengwa mabwawa matano yanayojulikana kwa pamoja kama Seven Forks. Kindaruma lilitangulia mwaka 1968, miaka mitano tu baada ya uhuru. Kamburu likafuata 1974, Gitaru 1978, Masinga 1981 na Kiambere 1988. Gitaru peke yake lina megawati 225. Yote matano yakijumlishwa yanakaribia 600. Masinga halizalishi umeme mwingi, megawati 40 tu, lakini ndilo ghala la maji: likijaa linabeba zaidi ya mita za ujazo bilioni 1.5, na ndilo linaloamua wenzake walio chini watakunywa kiasi gani wakati wa kiangazi. Maji hayohayo yanapita kwenye mashine ya bwawa moja, yanatoka, yanaingia kwenye ya pili, hivyo hivyo hadi Kiambere.

Mabwawa hayo yalikula mashamba. Kiambere peke yake liliwaondoa maelfu ya watu kwenye ardhi iliyokuwa na malisho na udongo mzuri wa kando ya mto. Kutoka Kamburu nyaya za kilovolti 220 zikanyooshwa hadi Dandora, Nairobi. Kutoka Kiambere zikanyooshwa hadi Rabai, huko Pwani. Kwa miaka mingi familia zilizokuwa jirani na mitambo hiyo zilisomesha watoto kwa taa ya koroboi. Mpango wa kuunganisha umeme wa Last Mile, ulioanza 2015 kwa kulenga nyumba zilizo ndani ya mita 600 kutoka kwenye transfoma, ndio uliowafikia wengi wao, karibu nusu karne baada ya Kindaruma kuwashwa. Jambo hili linaniuma, na nadhani linapaswa kumuuma kila Mkenya anayewasha taa.

Kuna kitu kingine kinachoiunganisha kazi ya KMRU na mto huu, nacho ni fizikia. Mwaka 1831 Michael Faraday alionyesha kwamba sumaku ikibadilika karibu na waya, umeme huzaliwa ndani ya waya huo. Kanuni hiyo ndiyo inayofanya kazi pale Kamburu: maji yanazungusha mtambo, sumaku inazunguka ndani ya koili kubwa za shaba, stima inatoka. Na kanuni hiyohiyo ndiyo iliyokuwa mfukoni mwangu. Koili ndogo ukiisogeza karibu na waya wenye stima, sumaku inayoyumba kuuzunguka waya inazalisha umeme kidogo sana ndani yake, kinasa sauti kinaukuza, nawe unausikia. Bwawa na maikrofoni ya msanii ni ndugu wa tumbo moja.

Nilianza na sikio tupu, asubuhi, kando kidogo ya soko. Hua walikuwa wa kwanza, wale wanaorudia neno moja bila kuchoka. Hondohondo walipita wawili wawili kwa mlio wao wa kukwaruza. Mbuzi, majogoo, bodaboda ikipigwa teke mara kadhaa kabla ya kukubali kuwaka. Mashine ya kusaga ilipoanza ilifunika kila kitu, na ilipozimwa nilitambua kwamba nyenje walikuwa wakilia muda wote. Nilijiuliza ni sauti ngapi nyingine ambazo masikio yangu yalikuwa yamezifuta kwa kuzizoea.

Transfoma iliyo juu ya nguzo ina sauti mbili. Ya kwanza unaisikia bila chombo chochote ukisimama chini yake: mvumo wa mitetemo 100 kwa sekunde, kwa sababu stima ya Kenya hufanya mizunguko 50 kwa sekunde na chuma kilicho ndani ya transfoma hujinyoosha na kujikunja mara mbili katika kila mzunguko. Ya pili inahitaji koili. Hapo unakutana na besi nzito ya 50 yenyewe, na juu yake ngazi ya sauti nyembamba zaidi na zaidi, kila moja ikiletwa na kitu fulani kilichochomekwa mahali fulani: friji ya duka, chaja, mashine ya kuchomelea. Fundi alipogusa chuma kwa chuma karakanani, ngazi nzima ilipasuka masikioni mwangu, kisha ikajipanga tena. Sikuwa nimewahi kusikia soko likifanya kazi kwa namna hiyo, kutoka ndani ya waya.

Kisha simu. Mama mmoja wa duka la M-Pesa alikubali niisogeze koili kwenye kabambe yake, simu ndogo ya vitufe, wakati wa kutuma pesa. Simu za aina hiyo haziongei na mnara mfululizo. Hutuma vipande vifupi vifupi, zaidi ya 200 kwa sekunde, na kwenye hedifoni vipande hivyo vinakuwa mlio wa kukwaruza, unaokatika na kurudi. Pesa ya mtu ya karo ilikuwa inaondoka Gachoka kwa mdundo. Mama alivaa hedifoni, akasikiliza hadi mwisho, akataka kusikia na simu yake nyingine. Nikaona usoni mwake kile ambacho KMRU anakitafuta kwa wasikilizaji wa Ulaya, na hapa kilikuwa kimepatikana kwa koili na kabambe, bila tiketi wala maelezo ukutani.

Watu wa Mbeere hawahitaji mgeni wa kuwafunza kusikiliza, na hapa ndipo safari yangu ilipopata uzito. Nchi hii ni ya nyuki tangu zamani. Mizinga ya magogo inaning'inia kwenye miti mikubwa, na mafundi wake wanapenda gogo la mukau kwa sababu mchwa hawauli kirahisi. Bernard Riley na David Brokensha, waliofanya utafiti wa muda mrefu huku, walichapisha mwaka 1988 vitabu viwili kuhusu Wambeere na mazingira yao. Cha pili kimejaa majina ya mimea kwa Kimbeere na matumizi yake, na ukikisoma unaona watu wanaoujua msitu wao mti kwa mti. Maarifa hayo yaliandikwa kwa jicho na kwa kiganja. Ya sikio hayajaandikwa kwa kiasi hicho.

Mzee mfuga nyuki niliyeketi naye chini ya mgunga alinieleza jinsi anavyoujua mzinga kwa kuuwekea sikio. Kundi lenye malkia lina mvumo uliotulia. Likipoteza malkia mvumo unapanda na kutawanyika, kama watu wanaozungumza wote kwa pamoja msibani. Likikaribia kuhama kuna sauti nyingine tena. Nikampa hedifoni, nikaiweka koili karibu na waya ulioingia nyumbani kwake. Akatafakari muda mrefu. Alichoniambia ni kwamba stima nayo ina kundi lake, na kwamba hili halijatulia. Jioni ile umeme ukapotea kwa muda, kama unavyopotea mara kwa mara vijijini. Sidai kwamba aliubashiri. Ninachosema ni kwamba alitumia kipimo anachokijua, na kipimo hicho kilikuwa makini.

Yeye ndiye aliyenikumbusha mlembe. Ndege huyu mdogo wa rangi ya kijivu hula nta na viluwiluwi vya nyuki, lakini hana nguvu ya kuvunja mzinga wa porini. Kwa hiyo humwita binadamu. Hulia kwa namna ya pekee, huruka mti hadi mti, husubiri afuatwe, na asali ikishapakuliwa hubakiziwa sega. Mwanasayansi Mkenya Hussein Isack, akishirikiana na Heinz-Ulrich Reyer, alilichunguza jambo hili kwa wafuata-asali wa Kiborana kaskazini mwa Kenya, na mwaka 1989 matokeo yao yakachapishwa katika jarida la Science. Mtu anayetafuta nyuki bila mlembe alitumia wastani wa saa 8.9 kabla ya kupata kundi. Akiongozwa na mlembe, saa 3.2. Zaidi ya hapo, mlio na mwendo wa ndege huyo humweleza anayeujua upande wa kwenda na umbali uliobaki. Haya ni mazungumzo kati ya viumbe wawili, yanayotegemea sikio lililofunzwa. Vijana wakiacha kumjibu, mlembe ataacha kuita. Sehemu nyingi Afrika Mashariki desturi hiyo imekwisha kufifia tangu sukari iingie madukani.

Ninapotafuta msanii mwingine wa kumweka karibu na KMRU katika mandhari hii, namfikiria Wangechi Mutu, mzaliwa wa Nairobi mwaka 1972. Sanamu zake nyingi za miaka ya karibuni zimeumbwa kwa udongo mwekundu wa Kenya uliochanganywa na karatasi iliyolowekwa, mbao, vibuyu na mizizi. Mwaka 2019 wanawake wake wanne wa shaba nyeusi walikalishwa mbele ya jumba la makumbusho la Metropolitan, New York, katika nafasi zilizokuwa tupu tangu ukuta huo ukamilike mwaka 1902. Kazi yake nyingine, Suspended Playtime ya 2008, ni mipira iliyofungwa kwa karatasi za nailoni na kamba, ikining'inia chini karibu na sakafu. Ni mipira ambayo kila mtoto wa Kenya wa kizazi changu aliitengeneza mwenyewe. Mutu na KMRU wanafanana katika jambo moja kubwa: mahali walipotoka si picha wanayoichora, ni malighafi wanayoishika. Mmoja anashika udongo, mwingine mtetemo wa hewa.

Jioni niliteremka hadi upande wa Kamburu. Huko minara ya chuma inatembea juu ya vichaka ikiwa imebeba nyaya nene, na hewa ikiwa na unyevu utasikia nyaya zenyewe zikitoa mchakacho mdogo, kama mafuta kwenye kikaango, bila koili yoyote. Wachungaji walikuwa wanarudisha mbuzi. Kengele za shingoni, miluzi, nyenje wa jioni na mchakacho wa nyaya vilikuwa pamoja, na hakuna aliyekuwa amevitenganisha. Nikafungulia Natur kwenye simu, nikaweka hedifoni sikio moja na kuacha lingine wazi. Kwa dakika kadhaa ilikuwa kazi kujua kipi kinatoka Berlin na kipi kinatoka Mbeere. Nimeisikiliza kazi hiyo mara nyingi nyumbani; hapo ndipo ilipokamilika.

Kuna kazi moja zaidi ya KMRU inayopaswa kutajwa hapa. Mwaka 2022 alitoa Temporary Stored, aliyoitengeneza kwa kutumia rekodi za zamani kutoka hifadhi ya jumba la makumbusho la Afrika lililoko Tervuren, Ubelgiji. Ni sauti za Waafrika zilizonaswa na wageni, zikasafirishwa, zikawekwa kwenye makabati ambayo wajukuu wa walioimba hawana ufunguo wake. KMRU alizichukua na kuzifanyia kazi upya, na kwa kufanya hivyo aliuliza sauti ni mali ya nani. Swali hilo linaigusa Mbeere moja kwa moja. Umeme ulizalishwa hapa ukaenda kwingine kwanza. Isiwe hivyo kwa sauti.

Ningetaka kuona Natur ikichezwa Gachoka. Hakuna gharama kubwa: ukumbi wa shule au wa kanisa, spika nne kwenye pembe, giza kidogo, na stima ya siku moja isiyokatika. Kaunti ya Embu ina maafisa wa utamaduni. KenGen, kampuni inayoendesha mitambo ya mabwawa hayo matano, ina bajeti ya jamii zinazoyazunguka. Vyuo na shule za Mbeere Kusini zina wanafunzi wenye simu zinazorekodi vizuri kuliko vinasa sauti vya watafiti wa miaka ya sabini. Wapewe kazi ya kurekodi: mzinga wenye malkia na usio na malkia, mlembe anapoita, mashine ya kusaga, mto chini ya Kamburu, nyanya anapoeleza mvua zilivyokuwa kabla ya Masinga. Rekodi hizo zihifadhiwe huku, kwa majina ya walioimba na waliozungumza.

Na msomaji, kama unaweza, isikilize Natur kwanza kwa hedifoni nzuri, usiku, arifa za simu zikiwa zimezimwa. Kisha panda matatu kutoka Embu mjini asubuhi na mapema, kabla jua halijawa kali, ushuke Gachoka, utafute kivuli ukae. Wasalimie wenyeji, waeleze unachokitafuta, na ukikutana na mfuga nyuki nunua asali yake kwa bei anayoitaja.